Mahali Ambapo Maji Hayakujibu

Aliyeniambia kwamba kuna jicho juu ya mawingu linaloona mafuta ziwani alikuwa binti mmoja mwenye raba nyeupe, na siku hiyo hiyo jicho hilo lilikuwa linatufukuza kisiwani Bumbire. Lakini sikukaa chini kuandika habari za jicho. Nataka kumwandika mtu mmoja. Jicho litakuja lenyewe, maana habari za huyo mtu haziishi bila hilo.

Tulimwita Msoma Maji. Jina alikuwa nalo, wazazi walimpa moja na msikiti ukampa lingine, ila sitalitaja kwa kuwa wajukuu zake wapo na wengine ni watu wa ofisi. Alizaliwa wapi, ukoo gani, mwiko wake nini, kawaulizeni wazee wa Kibeta, alikoishi. Mimi nilimjua kwa miaka ishirini na ushee, na nitasema niliyoyaona kwa macho yangu, pamoja na yale ambayo mpaka leo nikiyakumbuka naweka kikombe chini kwanza.

Kazi yake ilikuwa hii. Gatini Bukoba palisimamishwa ubao mrefu majini, umechorwa tarakimu kutoka chini kwenda juu. Kila siku, asubuhi na alasiri, alikwenda kutazama ziwa limefika tarakimu gani, akaandika kwenye daftari kwa penseli. Wino aliukataa. Alisema wino ukirukiwa na tone moja unageuka mwongo. Pembeni ya tarakimu aliandika hali ya maji: safi, yana majani, yana mafuta. Meli ikipakia dizeli na kidogo kikamwagika, yeye alikiona kabla ya nahodha. Angesimama, mikono nyuma, aseme, "Maji yamelala pale." Wewe ungetazama usione kitu. Upepo ukipita ndipo ungeona: ziwa lote linatetemeka viwimbi vidogo vidogo, isipokuwa kipande kimoja kimetulia, laini kama sahani iliyooshwa.

Na mtu huyu hakujua kuogelea. Vijana wa gatini walimtania, "Mzee, unasomaje kitabu usichoweza kuingia ndani yake?" Akawajibu, "Na daktari naye aingie tumboni mwako ndipo akupe dawa?" Akiwa ndani ya mtumbwi alikaa katikati kabisa, ameshika kingo mbili kama anayezuia mtumbwi usipasuke.

Uongo aliuchukia. Siku moja alishikwa na homa, hakuenda kwenye ubao. Mkubwa wake akamwambia ajaze tu, jana ilikuwa tarakimu fulani na leo ni ile ile, kwa hiyo siku ya katikati inajulikana. Akakataa. "Sikuona," akasema. "Nafasi tupu nayo ni habari." Hilo nililisikia mwenyewe, nikiwa nimebeba gunia la kahawa mgongoni, maana nilikuwa kuli hapo, kazi aliyonitafutia baba yangu.

Na sasa imenibidi nimseme baba.

Baba alikuwa mtunza ghala la mafuta, hapo hapo gatini. Kila pipa la dizeli lililoingia alilipaka namba kwa rangi nyeupe, kwa mkono wake, na saba yake aliifunga mkanda tumboni, yaani aliikata kwa kistari katikati. Mimi tarakimu nilijifunzia kwenye mapipa kabla ya kupelekwa shule, na shule yenyewe nilifika darasa la tatu tu, nikaona inatosha. Baba na Msoma Maji walikuwa marafiki wa bao. Alasiri, baada ya ubao kusomwa, walikaa kivulini kwa ghala wakila kete na kutukanana kwa adabu. Baba alikuwa Mkristo na mwenzake Mwislamu, na hilo sikuwahi kusikia likitajwa ila wakati wa kuchinja kuku.

Vita ikaja. Ndege za nduli zilipodondosha mabomu mjini, watu walikimbilia vijijini wamebeba magodoro kichwani. Mimi sikuwepo, nilikuwa nimechukuliwa mgambo, nabeba masanduku ya risasi kuelekea mto wa mpakani. Baba alikwenda kijijini kwetu Kaagya kumwangalia mama na wadogo zangu, akakaa siku mbili. Alipoteremka mjini alikuta kufuli la ghala limevunjwa, na mapipa thelathini hayapo. Karatasi hakuna. Shahidi hakuna.

Vita ilipokwisha wakamuuliza, mapipa yako wapi? Akasema hajui. Wakamwambia, "Mzee, mapipa hayana miguu." Akafungwa. Aliporudi nyumbani, mwaka mmoja na miezi baadaye, sauti yake ilikuwa imebaki kule gerezani. Alikaa kwenye kibanja chini ya migomba, akamenya ndizi ambazo hakuna aliyemtuma amenye. Haikupita muda tukamzika. Kaburi lilichimbwa na watu wanne, mmoja wao Msoma Maji, akiwa amekunja kanzu yake kiunoni, anachimba kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha.

Kaagya ni kijiji kizuri. Kahawa inakubali, migomba inakubali. Lakini kijiji kizuri nacho kina vilabu vya rubisi, pombe yetu ya ndizi. Nikiingia klabuni lazima mmoja aseme, "Waitu, karibu! Na yale mapipa ya mzee wako, yameshaota miguu?" Watu wanacheka, nami nacheka, maana ukikasirika wanaongeza. Nilivumilia miaka. Mwisho nikamwachia mama kibanja, nikanunua nusu ya mtumbwi na Mkerewe mmoja, nikahamia Bumbire, kwenye mwalo wa wavuvi ambako watu walitoka kila upande wa ziwa na hakuna aliyemuuliza mwenzake baba yake ni nani.

Msoma Maji hakutuacha. Kila mwezi alipanda baiskeli mpaka Kaagya, amefunga nyuma kilo ya sukari, au samaki wakavu, au chupa ya mafuta ya taa. Anamkabidhi mama, anauliza habari za mifugo, anakaa. Na hapo ndipo palikuwa na jambo ambalo nilipaswa kulielewa nisilielewe.

Kwetu mgeni akishakaa hupewa kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile iliyochemshwa na majani yenye harufu kisha ikakaushwa. Anachukua chache, anatafuna, mazungumzo yanaanza. Tunda la kahawa lina punje mbili zilizolaliana tumbo kwa tumbo. Zamani watu wawili wakitaka kuwa ndugu wa damu walipasua tunda moja, kila mmoja akapaka punje damu yake, wakabadilishana, wakameza. Ukimeza kisha ukamsaliti mwenzio, tumbo linavimba, unakufa. Hata leo ambapo hakuna damu, mwenye kinyongo na wewe hatafuni kahawa nyumbani kwako. Atasema anaumwa jino.

Msoma Maji hakutafuna kwetu. Tangu vita, hata mara moja. "Tumbo langu, waitu, halipatani na kahawa," alimwambia mama, na mama akarudisha kikapu ukutani. Mimi gatini nilimwona akitafuna kahawa kama mbuzi anavyotafuna, mfuko wa kanzu umejaa. Nikamwambia mama. Mama akasema, "Nyamaza. Mtu ana tumbo lake kwa kila nyumba." Mama hakusoma hata hilo darasa la tatu langu.

Nirudi kwenye wema wake, maana nisipousema nitakuwa nimemdhulumu.

Ulipoingia ule ugonjwa, ambao mwanzo tuliuita kwa jina la kitambaa cha magendo kwa sababu uliwapata kwanza wafanyabiashara wa kitambaa hicho, watu waliogopa maiti. Walimuogopa ndugu yao wa tumbo moja. Nyumba za Kibeta zilifungwa moja baada ya nyingine, na majani yakaota mlangoni. Maiti wa Kiislamu lazima aoshwe, na ndugu wamesimama nje, kila mmoja anamtazama mwenzake. Msoma Maji alikuja na ndoo yake. Alivaa mifuko ya nailoni mikononi, akaifunga kwa vipande vya mpira wa baiskeli, akaingia. Akitoka anawaambia waliosimama nje, "Hajauma mtu. Njooni mumbebe." Aliwaosha wengi. Siku hizo hizo ubao ulisomwa asubuhi na alasiri.

Kati ya aliowaosha walikuwamo wawili wa gatini, kuli mmoja mnene aliyekonda mpaka tukashindwa kumtambua, na fundi injini. Siku ya fundi injini nilikuwa nimeleta dagaa mjini. Nikamkuta Msoma Maji amekaa kwenye ngazi za gati, mikono bado inanuka kafuri. Nikampa pole. Akasema, "Sasa nimebaki peke yangu."

Nilidhani anasema habari za urafiki. Nikamwambia, "Mzee, tupo sisi." Akanitazama muda mrefu, kama anavyoutazama ubao wakati mawimbi yanapanda na kushuka na tarakimu haijulikani.

Mara nyingine mvua ilinifungia ofisini kwake, chumba chenyewe si kikubwa kuliko banda la kuku, nikafungua daftari lake la miaka ya vita. Tarakimu nazijua. Kila mstari umejaa, hata siku za mabomu. Watu wanakimbia, yeye ameandika. Nikaona mistari miwili tu iliyo tupu. Nikamuuliza.

"Huu ni ile homa," akasema.

"Na huu? Huu ni wa vitani."

"Huo sikuona."

Akalichukua daftari mikononi mwangu, taratibu, akalirudisha kwenye rafu. Mvua ikaendelea. Nami, mjinga wa Mungu, nikaanza kumsimulia habari za bei ya nyavu.

Sasa jicho.

Mwaka ule wa jicho, mwaloni kwetu maji yalianza kunuka. Si kila siku. Upepo ukitoka upande wa jabali la ndege, mwamba wa majini wanapolala ndege wa ziwa, ugali ulinuka mafuta ya taa kabla hujauweka mdomoni. Wachuuzi wa dagaa wakaanza kunusa magunia na kupita. Nilikuwa nakaa na watoto watatu wa marehemu dada yangu, na kila asubuhi yule mdogo alinusa kikombe kwanza, kama mbwa, ndipo anywe.

Akaja Bwana Samaki, ndivyo tunavyomwita afisa wa uvuvi, huyo wa wakati ule, pamoja na binti mtaalamu mwenye raba nyeupe. Binti alikuwa na bahasha kubwa. Watu wote wa mwalo tukaitwa kwenye uwanja wa kuanikia dagaa. Bwana Samaki hakuzunguka. Alisema mafuta yameonekana kwenye picha zilizopigwa kutoka juu, yanaanzia hapa kwetu. Alisema sisi tunamwaga oili chafu, na pengine tunavua kwa sumu. Alisema ndani ya siku saba mwalo ufungwe na vibanda vichomwe.

Mke wa yule Mkerewe wangu akapiga kelele, "Tuchome twende wapi? Majini?"

"Mlikotoka," akasema Bwana Samaki.

Mimi nilikotoka ni klabu ya rubisi. Nikawaza, haya sasa: baba aliiba mafuta, mwana anamwaga mafuta. Watacheka mpaka wakojoe.

Binti alikuwa mpole. Aliomba beseni la maji, akalipuliza kwa mdomo mpaka yakakunjamana. Kisha akadondosha mafuta ya kupikia, tone moja, akapuliza tena. Pale penye mafuta hapakukunjamana. Akasema juu sana, juu kuliko ndege, kuna chombo kinachozunguka dunia, kinarusha chini mawimbi ya redio kisha kinangoja yarudi. Viwimbi vya ziwa vinayarudisha, na kwenye picha panakuwa peupe. Penye mafuta maji ni laini, mawimbi yanateleza yanakwenda zake, hayarudi. "Pale palipo peusi," akasema, "ni pale ambapo maji hayakujibu."

"Hata kukiwa na mawingu?" mmoja akauliza.

"Hata mawingu. Hata gizani."

"Gizani kinaona?" Yule mtu akashika kichwa. "Jamani, basi mke wangu ameshajua kila kitu."

Watu wakacheka, hata Bwana Samaki alitaka kucheka akajizuia. Kesho yake niliona mtumbwi umefunikwa majani ya migomba, wenyewe wanasema wanaficha mtumbwi usipigwe picha.

Lakini binti alisema neno lililotupa pumzi. Alisema si kila weusi ni mafuta. Chombo kinakosea, maana maji hutulia kwa sababu nyingi, na yeye hawezi kujua kwa kukaa ofisini. Anahitaji mtu anayelijua ziwa hili kwa macho. Bwana Samaki akasema basi aletwe yule mzee wa gati, ana madaftari, na neno lake litakuwa la mwisho. Nikajitolea kumfuata. Nilifurahi! Nilijua tumepona. Nani mwingine angeweza kututetea kama yeye?

Nilipomweleza, alisimama. Alichukua kofia yake. Njia nzima alishika kingo za mtumbwi.

Alikaa kwenye kigoda, watu tumemzunguka, binti akampangia picha tatu za siku tatu mbalimbali magotini. Karatasi za kijivu zenye mabaka meusi. Hakuwa ameziona maishani, lakini baada ya kugeuzwa mara moja ili kaskazini ikae juu, alianza kuzisoma kama aliyezipiga mwenyewe.

"Hapa upepo ulikuwa wa mashariki?"

Binti akaangalia karatasi yake. "Ndiyo, mzee."

"Basi hiki ni kivuli cha kisiwa. Kilima kinazuia upepo, maji yanalala nyuma yake. Futa." Akasogeza kidole. "Hili duara, mvua ilikuwa inanyesha. Futa. Hili refu hili, hawa ni wadudu wa ziwa, wale wanaopanda kama moshi. Wakifa wanatandika maji kama mkeka. Futa."

Kila akisema futa, watu wanashangilia. Binti anaandika mpaka penseli inavunjika. "Mzee," akamwambia, "ulisomea wapi?"

"Ubaoni," akasema.

Likabaki baka moja. Mstari mwembamba mweusi unaotokea karibu na jabali la ndege, unakwenda ukipanuka.

Akalitazama. Watu wakangoja futa yao.

"Huo ni mwani," akasema.

"Mwani unahama, mzee," binti akasema kwa heshima. "Tazama. Siku hii mkia umekwenda kusini, siku hii kaskazini, siku hii umepinda. Lakini unaanzia mahali pamoja. Zote tatu. Kitu hiki kimekaa chini, hakihami."

"Sasa ni kina nani kama si hawa?" Bwana Samaki akasema. "Mzee, wewe ni mtu mzima. Sema tu ni wao, tumalize."

Msoma Maji akaomba maji ya kunywa. Mtoto mdogo wa dada yangu akamletea kikombe, na kabla hajampa, akakinusa. Ni mazoea yake tu. Alikinusa, akamkabidhi kwa mikono miwili, akapiga goti.

Yule mzee hakunywa. Aliweka kikombe mchangani.

"Si wao," akasema. "Ni mimi. Ni mimi niliyeyaweka pale."

Nilicheka. Nasema kweli, nilicheka. Nilidhani ameamua kusema uongo ili atuokoe, na nikasema moyoni, huyu mzee hajui kudanganya, angalau angetafuta uongo unaofanana na kitu.

"Mapipa thelathini ya dizeli," akasema. "Wakati wa vita."

Sikucheka tena. Masikio yangu yalijaa mlio. Niliona midomo yake ikienda, na maneno yakanifikia nyuma yake, kama sauti ya shoka la mtu aliye mbali.

Alieleza hivi. Afande mmoja alikuja gatini siku za mabomu, akaamuru mafuta yaondolewe adui asiyapate. Mtunza ghala alikuwa kijijini, afande akavunja kufuli. Walipakia kwenye tishari, chombo bapa cha mizigo, wakalikokota kusini, yeye, afande, yule kuli na fundi injini. Msoma Maji alichukuliwa kwa sababu anajua vina vya ziwa. Karibu na Bumbire wakasikia ndege. Afande akasema yazamishwe hapo. Lakini dizeli haitaki kuzama, pipa likijaa linaelea kama bata. Ikabidi wafunge kila pipa kwenye wavu pamoja na mawe, mchana kutwa, na yeye ndiye aliyechagua mahali, nyuma ya jabali, pima nane kwenda chini. Afande alisema vita ikiisha atakuja na karatasi. Alivuka mto kwenda vitani na hakurudi.

"Walipomkamata mtunza ghala," akasema, "tulikuwa watu watatu. Kila mmoja alimngoja mwenzake aseme kwanza. Tuliogopa tutaambiwa tuliyaficha tuyauze. Tukasema, watamwachia tu, hana kosa. Kisha wakamfunga. Baada ya hapo kusema kukawa kugumu zaidi, na kila mwaka kukawa kugumu kuliko mwaka uliopita. Wenzangu wamekufa. Nimewaosha mwenyewe."

Hapo ndipo aliponitazama. Mbele ya mwalo mzima.

"Mwanangu," akasema.

Nilisimama nikaondoka. Nilikwenda kukaa nyuma ya vibanda.

Walinifuata baadaye, wanataka mtumbwi wangu kwa sababu una injini. Nilikwenda. Mpaka leo sijui nilikwendaje. Yeye alikaa katikati, ameshika kingo, anaelekeza kwa kidevu. Alilinganisha jiwe jeupe la mavi ya ndege na mti ulioko juu ya kilima, akasema, "Bado. Bado. Hapa." Miaka kumi na zaidi, na hakukosea hata urefu wa kasia. Maji yalikuwa yanatoa vitone kutoka chini, kimoja kimoja, kila kitone kikifika juu kinafunguka rangi kama kitambaa cha harusi.

Vijana wawili walizama na kamba. Ilichukua muda. Walichovuta lilikuwa pipa lenye kutu, limevimba upande, wavu umeoza umelishikilia. Tukalikokota mpaka ufukweni, wakaligeuza kwenye mchanga. Bwana Samaki akafuta matope kwa kiatu.

Rangi nyeupe ilikuwa imebanduka, lakini si yote. Saba ilikuwepo. Na mkanda wake tumboni.

Nilipiga magoti kwenye mchanga nikaiwekea kidole, nikaifuatisha, kama nilivyofundishwa. Baba alikuwa amesema kweli. Kweli yenyewe ilikuwa imelala pima nane mbele ya mlango wangu, nami nimepiga kasia juu yake miaka yote, na mtu aliyejua mahali pake alikuwa akinipa mkono na kuniita mwanangu.

Mwalo haukuchomwa. Binti aliandika ripoti, mapipa yaliyobaki yalitolewa moja moja, na yule mtoto akaacha kunusa kikombe, ingawa ilichukua mwaka. Msoma Maji aliitwa kwenye ofisi moja na nyingine, akahojiwa, akaachiwa. Nani amfunge mzee kwa amri ya afande aliyekufa? Karatasi ya kumsafisha baba hatukupewa na yeyote. Alichofanya yeye mwenyewe ni kupanda baiskeli mpaka Kaagya, akaingia kwenye klabu ya rubisi, yeye asiyegusa pombe, akasimama katikati akasema, "Mwizi mliyekuwa mkimcheka hakuiba. Aliyejua nilikuwa mimi." Wanasema walevi waliweka chini mirija yao. Kutoka hapo alikwenda kwa mama. Mama alimsikiliza mlangoni mpaka mwisho. Kisha akaingia ndani akafunga.

Tangu siku hiyo hakuja na sukari tena. Nami nikiteremka Bukoba nilipita njia ya juu, nisiuone ubao.

Mara ya mwisho nilimwona kwa sababu ya mama. Nilikwenda Kaagya kupalilia, akanikalisha, akashusha kikapu. Alichagua tunda moja la kahawa, alichagua kwa muda mrefu, akalipasua kwa kucha. Punje moja akaiweka mdomoni, akaimeza bila kuitafuna, akinitazama. Nyingine akaifunga kwenye kipande cha jani kavu la mgomba.

"Mpelekee yule," akasema.

Nilishtuka kuliko siku ya pipa. "Mama! Huyu aliyemuua baba?"

"Najua aliyemuua baba yako. Baba yako nililala naye mimi kitanda kimoja mpaka alipokufa. Peleka."

Njia nzima nilikuwa nimekusudia kuitupa. Nilipita darajani, nikaitoa mfukoni, nikairudisha. Sikuitupa, lakini msidhani ni kwa wema. Niliogopa mama ataniuliza.

Nilimkuta Kibeta, barazani, kwenye mkeka, jua la saa nne limemfikia miguuni. Alikuwa amebaki mifupa na kofia. Binti yake alikuwa anapepeta mchele. Nilimsalimia, "Shikamoo," akaitikia, na hakuuliza nimefuata nini. Nikampa kile kifurushi. Akakifungua, akaona ni punje moja.

"Nyingine?"

"Mama amemeza."

"Mbele yako?"

"Mbele yangu."

Akaishika ile punje, akaitazama juu ya kiganja kama anavyosubiri wimbi litulie ili tarakimu ionekane.

"Na wewe?" akauliza.

Nilitaka kumdanganya. Mtu anakufa, ungemwambia nini? Lakini huyu ndiye aliyenifundisha habari za mstari mtupu.

"Mimi bado," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, kama amesoma tarakimu aliyoitegemea. Kisha akaiweka punje mdomoni. Meno hakuwa nayo, na koo lilikuwa limekauka, ilionekana wazi haitapita. Binti yake akaacha ungo, akakimbilia kikombe kwenye mtungi, akamletea. Alikizuia kwa mkono, akafumba macho, na akaimeza hivyo hivyo, bila maji.